Kikombe Kilichotazama Ukuta

"Muulizeni Emil," Thaddeus Moultrie alisema. "Nilibaki nyuma nazima mkaa. Muulizeni Emil."

Alikuwa akiyasema maneno hayo tangu usiku, na sasa aliyasema bila kuinua kichwa. Alikaa ukingoni mwa kitanda cha mahabusu akiwa na shati tu, mikono juu ya magoti. Ilikuwa mikono mikubwa isiyo na unywele hata mmoja, maana moto wa jiko ulishaumaliza miaka mingi iliyopita.

"Emil tumemuuliza," Brophy alimjibu kupitia nondo. "Hakumbuki."

Mchomaji nyama aliinua kichwa kwa mara ya kwanza. "Emil hakumbuki?"

"Ndivyo alivyosema."

Moultrie aliiinamia tena mikono yake. Mpelelezi Dolores Tierney alimwangalia kidogo, kisha akamfuata Brophy ukumbini.

"Kesho asubuhi yuko mbele ya hakimu," Brophy alisema. "Baada ya hapo si mzigo wetu."

"Baada ya hapo anakaa jela mpaka kesi isikilizwe, na wewe hutarudi nyuma hata nikikuletea muuaji amefungwa utepe."

"Dolores, sikiliza. Jumapili usiku, mzee Haskell anarudisha nyama yake jikoni mara mbili. Mchomaji anatoka na uma mkononi, anamwambia mbele ya watu wote, 'Ukiirudisha tena nitakuzika nayo.' Asubuhi mzee anakutwa amekufa. Unataka nini zaidi?"

"Nataka kujua kwa nini ukosi wa koti lake umechanika."

"Alishikwa."

"Alishikwa, akasukumwa?"

"Alishikwa, akasukumwa, akaanguka kwenye ngazi, akapasuka kichwa. Nikuchoree?"

Orrin Haskell, aliyewahi kuuza vifungo vya makoti, alikutwa alfajiri ya Jumatatu chini ya ngazi za ghala la manyoya, kati ya mgahawa alikokula na hoteli alikoishi. Ngazi zilikuwa zimeganda barafu. Hakuwa na pochi wala karatasi. Mfukoni alikuwa na ufunguo usio na namba na kifuko kitupu cha flaneli ya kijivu chenye kamba ya kufungia. Mchana kutwa alilala kwenye chumba cha maiti bila jina. Jina lilipatikana Jumatatu jioni, karani wa hoteli alipokuja kituoni kusema kuwa mpangaji wake wa siku nyingi hajashuka kuchukua gazeti. Ndipo Brophy alipokwenda mgahawani, akasikia habari ya ugomvi, na kabla ya usiku wa manane alikuwa amemtoa Moultrie kitandani kwake.

"Na hicho kifuko?" Tierney aliuliza.

"Cha viatu."

"Kiatu gani kinaingia humu? Cha mtoto?"

"Nenda kale chakula, Dolores. Ukiwa na njaa unakuwa mgomvi."

Tierney alikichukua kile kifuko, akakitia mkobani. Kwenye benchi la mlangoni alikaa Odessa Moultrie, mke wa mchomaji, koti zito la kiume likiwa limekunjwa mapajani.

"Afande, ataachiwa leo?"

"Sijui, mama."

"Walimchukua na shati. Na baridi hii."

"Nipe nimpelekee."

Odessa alilishika koti kwa mikono miwili. "Nitamvalisha mwenyewe akitoka. Tena kuna mtu wa kazini kwake anakuja kumsemea. Nilimpigia simu usiku uleule. Alisema atakuja."

"Usiku uleule?"

"Labda treni zimechelewa," Odessa alisema.

* * *

Kwenye mgahawa wa Gormley hakukuwa na orodha ya vyakula. Ulikaa, mhudumu akakutazama, akakuletea. Unga wa mbao ulikuwa umemwagwa sakafuni, na jiko la mkaa lilikuwa mbele kabisa ili mteja aone nyama yake inavyotendewa. Mpaka miaka minne iliyopita mwanamke hakuruhusiwa kupita ule mlango. Mahakama iliamuru waruhusiwe, na wazee wa pale walinuna kwa mwaka mzima, kisha wakazoea.

Tierney alielekea kwenye meza ndogo chini ya dirisha.

"Hapo hapana," sauti ilisema.

Mhudumu aliyevaa aproni nyeupe iliyofika kwenye viatu alimsimamia njiani. Alikuwa na umri wa miaka sabini hivi, mgongo umenyooka, sahani tatu kwenye mkono mmoja. Alikuwa Emil Brandl, mkubwa wa wahudumu.

"Ina kiti kimoja tu," Tierney alisema. "Nami niko mmoja."

"Kiti kina mwenyewe."

"Haskell?"

Emil aliziweka sahani mezani kwa watu wengine kabla ya kujibu. "Kaa pale, afande. Nitakuletea kondoo."

"Sikuja kula."

"Kila anayeingia hapa amekuja kula. Mwenzio jana usiku alikuja kukamata mtu, akala steki mbili."

Alikaa alikoonyeshwa. Kondoo alikuja: kipande cha mbavu kinene kama tofali, figo pembeni, upande mmoja umeungua mweusi. Emil alikitazama kwa aibu, kama aliyemleta mgeni nyumbani akakuta watoto wana matope.

"Anachoma Gormley mwenyewe leo," alisema. "Nyama inalala chumba cha baridi wiki kwa wiki, inaota ukungu, inakuwa tamu, halafu huyu anaimaliza kwa dakika chache. Babu yake angemfukuza."

"Basi Thaddeus mnamhitaji."

"Jiko linamhitaji."

"Nieleze Jumapili."

Emil alichukua kitambaa begani akaanza kufuta meza iliyokuwa safi. "Bwana Haskell alifika saa yake. Nikampelekea ya ubavu wa kushoto, mafuta mengi, anavyopenda. Akairudisha. Nikampelekea ya kulia. Akairudisha. Miaka ishirini na tisa hakuwahi kurudisha nyama. Thaddeus akatoka, akasema alichosema. Bwana Haskell akala viazi vitatu, akaacha cha nne. Akavaa koti, mkono wa kulia kwanza kwa sababu bega la kushoto linamsumbua. Nikamfungulia mlango. Akasema, 'Usiku mwema, Emil.' Nikasema, 'Usiku mwema, bwana.' Nikarudi kuinua viti."

"Na Thaddeus alitoka kabla yake au baada yake?"

"Hilo silikumbuki."

"Viazi vitatu unavikumbuka."

"Viazi nilivipeleka mimi."

Tierney alitafuna pole pole. Nyama, hata kwa kuungua, ilikuwa nzuri kuliko chochote alichowahi kujipikia nyumbani. "Miaka ishirini na tisa. Mlikuwa mnazungumza nini?"

"Aliniuliza kondoo yukoje. Nikamwambia."

"Basi?"

"Wewe na mumeo mnazungumza nini?"

"Sina mume."

"Basi," Emil alisema.

Juu yao, kwenye boriti iliyozunguka chumba chote, vikombe vya bati vilining'inia kwenye kulabu. Vilikuwa mamia, vimeshiba moshi. Vingi vilitazama ukuta. Vichache vilitazama chumba, na kila kimoja kilikuwa na jina lililochongwa tumboni. Kile cha juu ya meza ya dirishani kilitazama ukuta.

"Hivi vya wateja?"

"Vya wenyeji. Ukila hapa muda wa kutosha, Gormley anakuchongea. Ukiwa hai, jina linatazama chumba. Ukifa, mkubwa wa wahudumu anakigeuza, jina linatazama ukuta. Hakinywewi tena na hakiondolewi."

"Na mtu akihama mji?"

"Anayehama anachukua chake. Hatuwezi kumtunzia kikombe mtu anayekunywa kwingine."

"Cha Haskell umeshakigeuza."

"Mwenzio alipotuambia amekufa, nilipanda kiti nikakigeuza."

Mlango ulifunguka, baridi ikaingia pamoja na kikongwe mwenye kofia nyeusi na fimbo. Emil alimwendea haraka.

"Bi Fitch. Leo si Jumatatu."

"Najua leo ni siku gani, Emil, sijawa chizi. Nimesoma gazeti." Alikuja moja kwa moja mpaka mezani kwa Tierney, akaketi bila kukaribishwa. "Wewe ndiye askari? Mbona umekonda hivyo? Emil, mwongezee viazi."

Emil alikwenda. Bi Adeline Fitch alivua glovu zake kidole kimoja kimoja. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuchongewa kikombe kwa Gormley. Mumewe alikula pale maisha yake yote bila yeye kuruhusiwa hata kumfuata mvua ikinyesha. Mahakama ilipofungua mlango, mume alikuwa ameshageuzwa ukutani. Yeye alikuja hivyohivyo, akakaa chini ya kikombe chake, na kila Jumatatu mchana alikuja tena.

"Haskell alikuwa mtu gani?" Tierney aliuliza.

"Sijui. Sikuwahi kuzungumza naye."

"Na mlikula chumba kimoja?"

"Mwanangu, watu huja hapa wasizungumze. Ukitaka kuzungumza unabaki nyumbani na redio." Alitazama juu ya meza ya dirishani. "Nilimnywea hata hivyo. Nilipoona kimegeuka, nikamwambia Emil alete bia, nikamnywea, nikamaliza pai yangu ya figo. Sikuuliza amekufaje. Hapa hatuulizi. Kikigeuka unakunywa, unafuta mdomo."

"Ni vizuri kwamba kuna aliyemnywea," Tierney alisema, akatazama saa. Alikuwa na mchana mmoja tu, na karani wa hoteli alikuwa hajahojiwa ipasavyo. Aliacha viazi nusu. Alipokuwa akitoka, Emil alivitazama vile viazi, wala hakumtazama yeye.

* * *

Karani wa hoteli alimpandisha hadi chumbani kwa Haskell, kisha akasimama mlangoni kama mtu anayeogopa kukanyaga ndani.

Hakukuwa na kitu cha kukanyaga. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, kabati tupu. Ukutani kulikuwa na alama za mraba palipoondolewa picha. Katikati ya chumba sanduku moja lilifungwa kwa mshipi.

"Alikuwa anaondoka," Tierney alisema.

"Anahamia Tampa kwa dada yake. Mapafu. Daktari alimwambia baridi nyingine ya hapa hataimaliza."

"Mpelelezi Brophy alijua?"

"Yule bwana aliniuliza kama nina simu. Nikasema ninayo."

"Alikuwa aondoke lini?"

"Jana, treni ya jioni. Alisema kila kitu kiko tayari, amebakiza kitu kimoja cha kuchukua Jumapili usiku. Mfuaji nguo wetu alimshonea na kifuko chake, alitaka flaneli kisije kikakwaruzika njiani."

Tierney alitoa kifuko mkobani. "Hiki?"

"Hichohicho."

"Kitu gani kisikwaruzike?"

"Hakusema, mama. Alikuwa anaona haya kidogo. Alisema ni mzigo wa kipuuzi, lakini ni wake."

Tierney aliingiza ngumi ndani ya kifuko. Iliingia na nafasi ikabaki kidogo, nafasi ya mshikio.

Anayehama anachukua chake.

Basi Haskell hakurudisha nyama kwa sababu ya nyama. Alikwenda kuaga na hakujua aanze vipi. Alikuja na kifuko akitaka kikombe chake, akatoka na kifuko kitupu, na kikombe kikabaki kulabuni. Kisha kikageuzwa, kwa maneno ya Emil, Jumatatu usiku, Brophy alipoleta habari.

Hapo alisimama katikati ya chumba kile kitupu, kwa sababu jambo lingine lilikuwa limemfikia kwa kuchelewa. Bi Fitch alikula Jumatatu mchana. Jumatatu mchana maiti haikuwa na jina.

Au kikongwe alikuwa amechanganya siku. Huenda alikinywea leo asubuhi kichwani mwake, akisoma gazeti. Wakili wa Emil angesema hivyo, na baraza la mahakama lingecheka.

"Nioneshe hiyo simu," alimwambia karani.

Kwa Gormley ilipokelewa na Gormley mwenyewe, nyuma yake mafuta yakilia motoni.

"Mna pai ya figo leo?" Tierney aliuliza.

"Jumatatu mchana tu, mama. Siku nyingine hata umlilie nani hupati. Leo tuna kondoo."

Akakata.

* * *

Ilikuwa ile saa ambayo walaji wa mchana wameondoka na wa jioni hawajafika. Jiko lilikuwa limefunikwa. Emil alikuwa peke yake chumbani, vikombe vichache vimepangwa mezani mbele yake, anavisugua kwa kipande cha flaneli ya kijivu huku amesimama.

"Umerudi kumalizia viazi," alisema.

"Uligeuza lini kikombe cha Haskell?"

"Nilishakwambia. Jana usiku."

"Bi Fitch alikinywea jana mchana."

"Bi Fitch ana miaka themanini na kitu, afande. Wiki iliyopita aliniita kwa jina la mumewe."

"Alikinywea akila pai ya figo."

Flaneli ilisimama juu ya bati. Nje lori lilipita na vikombe vyote vya boriti vikatetemeka kidogo, vya walio hai na vya waliokufa.

"Niligeuza mapema," Emil alisema hatimaye. "Ni kweli. Alikuwa ameniambia anahama. Kwangu mimi ni sawa na kufa. Ukizeeka kama mimi huoni tofauti."

"Mimi sijui mila zenu. Wewe ndiye uliyenifundisha asubuhi. Anayehama anachukua chake." Tierney aliburuta kiti, akakipanda na unga wa mbao ulioganda kwenye viatu vyake, akanyoosha mkono juu ya meza ya dirishani na kukitoa kikombe kulabuni. Kilikuwa kizito kuliko alivyodhani. O. HASKELL, kilisema. Alishuka, akatoa kifuko, akakitumbukiza. Kiliingia kama mguu kwenye soksi yake. Akavuta kamba.

"Alikuja na hiki Jumapili," alisema. "Ulimnyima."

Emil alikitazama kifuko.

"Kaa, Emil."

"Hatukai humu."

"Kaa."

Alitazama huku na huko kama anayetafuta kiti kisicho na mtu, na viti vyote vilikuwa havina mtu. Mwishowe aliketi kwenye kile kimoja cha meza ya dirishani. Alikaa wima, aproni imekunjamana mapajani. Alitazama chumba kutoka pale, na ilionekana hajawahi kukiona kwa upande huo.

"Nilimwambia kikombe kiko kwa msafishaji," alisema. "Nikamwambia arudi kesho. Nilifikiri akikikosa atakosa treni, akikosa treni atafikiri tena. Mawazo ya kijinga. Alipotoka nikaona ni ya kijinga. Nikavua aproni nikamfuata."

"Thaddeus alikuwa wapi?"

"Anazima mkaa."

"Kwa hiyo unakumbuka."

Emil alitazama jiko lililofunikwa. "Nilimkuta pale ghalani. Nikamwambia abaki mpaka baridi ipungue. Akasema baridi ndiyo inayomuua. Nikasema basi abaki wiki moja. Akasema, 'Emil, unanichelewesha.' Nikamshika hapa." Alishika ukosi wa shati lake mwenyewe. "Sikumpiga. Nilimshika tu. Akavuta, nami nikashika. Akasema, 'Niachie, bwana, una nini? Wewe ni weita wangu.'"

"Ukamsukuma."

"Nikamwachia," Emil alisema. "Aliniambia nimwachie, nikamwachia. Alikuwa bado anavuta."

Emil aliushusha mkono kutoka kwenye ukosi wake.

"Akashuka zile ngazi zote kwa mgongo."

"Alikufa palepale?"

"Hapana." Aliinyoosha aproni kwa viganja, mkunjo mmoja baada ya mwingine. "Alikuwa akipumua. Nilikaa naye."

"Kona ya mtaa ule ina simu. Nimeiona."

"Ningekwenda kwenye simu angebaki peke yake."

"Wangefika na gari. Labda angepona."

"Labda. Nimelifikiria hilo. Wakati ule nilifikiria tu kwamba hana mtu mwingine, na kwamba hapendi giza. Mezani kwake huwa naacha taa." Aligusa taa ndogo ya mezani. "Alipoacha kupumua niliondoka. Asubuhi nikaja kazini. Nikafagia. Nikapanga meza."

"Halafu ukapanda kiti ukakigeuza. Hakuna aliyekuambia amekufa. Polisi hawakuwa na jina lake. Ungekiacha tu kilivyo, Emil, mimi nisingekuwa na kitu mkononi."

Emil alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa nguo. "Alikuwa amekufa. Kikombe chake kitatazamaje watu kana kwamba yuko njiani anakuja? Ningehudumia vipi chini yake?"

Tierney alisimama, kifuko mkononi. Alikuwa amewahi kuhoji waongo wengi, na huyu hakuonekana kusema uongo sasa, lakini hilo halikubadili anachopaswa kuuliza.

"Sawa. Hukutaka Haskell afe peke yake. Na Thaddeus je? Yeye amekaa na nani tangu jana usiku?"

Emil alishika ukingo wa meza.

"Ana shati tu," Tierney alisema. "Kila anayepita mlangoni anamwambia, muulizeni Emil."

"Nilidhani mtaona hakufanya. Mtamwachia."

"Tusingemwachia. Kesho asubuhi angekwenda mbele ya hakimu, na wewe ungekuwa hapa unapanga meza."

Mzee aliinuka. Alifungua aproni, akaikunja mara mbili, mara nne, akaiweka juu ya meza ya dirishani. Kisha aliwasha ile taa ndogo ya mezani, ingawa kulikuwa bado mchana, akafuata koti lake.

Tierney alimpigia Brophy kwa simu ya ukutani. Brophy alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Kwa ajili ya kikombe?" aliuliza mwishoni.

"Mfungulie Moultrie. Andika unachotaka kuandika, lakini mfungulie sasa hivi. Nakuja na Emil."

* * *

Walitembea, kwa kuwa si mbali, na kwa kuwa Emil aliomba watembee. Hakumfunga pingu. Walipofika kwenye ngazi za ghala la manyoya, mzee alipita upande wa pili wa barabara, na Tierney alimfuata.

Mlangoni mwa kituo alimtanguliza. Kulikuwa na joto na harufu ya makoti mabichi. Odessa Moultrie alikuwa bado kwenye benchi lake, koti la mumewe mapajani, hajasogea tangu asubuhi. Hakuwa ameambiwa chochote. Brophy alikuwa nyuma na funguo.

Odessa aliinua macho akamwona mzee anayevua kofia, na uso wake wote ulifunguka.

"Emil!" alisema. "Si niliwaambia? Niliwaambia watu hawa kuna mtu anakuja kumsemea mume wangu. Nimekungoja tangu usiku."

Emil alisimama na kofia mkononi. Alimtazama Tierney, na Tierney hakumsaidia.

"Nimechelewa, mama," alisema.

"Umekuja, hilo ndilo la maana. Na umeganda, masikini." Odessa alilikusanya koti kubwa, akasogea mpaka mwisho wa benchi, na kupigapiga kwa kiganja mahali pa kukaa. "Njoo hapa. Keti. Thaddeus akikuona atafurahi."

Nyuma ya ukumbi, ufunguo ulizunguka kwenye kufuli la mahabusu.